Ng'ombe Mwenye Maua ya Zambarau

Santana das Lajes, Goiás
11 Februari 1987

Mdogo wangu Valdivino,

Salamu zikufikie huko Rondônia. Kama ni mzima nashukuru, na kama unaumwa niambie unaumwa nini, usinifanyie kama mwaka jana ulipolazwa na malaria nikaja kuambiwa na mke wa Osmar baada ya miezi minne, tena sokoni, mbele ya watu. Sisi hapa tupo. Mvua ya Januari imehamisha vigae vya jikoni na mimi ndiye niliyepanda kuvirudisha. Mwanamke wa miaka arobaini na mitatu akipanda paa zamani ilikuwa aibu. Siku hizi ni utamaduni. Watalii wawili kutoka Brasília walisimama chini wakanipiga picha na kunishukuru.

Mtaa wetu ukiuona utasema umekosea njia. Nyumba ya Bibi Filomena imekuwa nyumba ya wageni, na ya marehemu mwalimu Caetano vilevile, wameipaka rangi ya samawati na kutundika gurudumu la mkokoteni ukutani, sijui kwa nini. Upande huu tumebaki sisi na mshona viatu. Kila Jumamosi anakuja bwana mmoja mwenye miwani myeusi kuuliza kama tutauza. Mama humwambia asubiri afe kwanza, naye hujibu kwa adabu kwamba hana haraka.

Na baraza la mji limezuka na jipya. Wanataka Sikukuu ya Roho Mtakatifu mwaka huu kila mwenye kinyago avae namba mgongoni, eti polisi wajue nani ni nani. Tangu lini kinyago kikaulizwa jina? Wanaume wa mji mzima wamekasirika, na mimi ninayewatengenezea maua ya karatasi ya kupambia vile vichwa vya ng'ombe wanavyovaa nimekasirika pamoja nao.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikae chini niandike. Macho ya Mama yamekwisha. Lile la kushoto lilitangulia mwezi wa kumi, la kulia limefuata wiki ya Noeli. Anatembea kwa kugusa ukuta, anapika bado, ananigombeza kwa kuhamisha sufuria. Daktari wa Anápolis anasema macho si kitu, ni moyo. Miguu inamvimba. Ameniambia pembeni kwamba nisipange mambo ya mbali.

Ninajua unachokikimbia, Valdivino. Itakuwa miaka mitano Pentekoste hii. Siku ile, katika vita vya kuigiza vya wapanda farasi, Wakristo wa Buluu na Waislamu Wekundu, nafasi ya tatu upande wa Wekundu ilikuwa yako, Baba alikuachia mkuki kwa mkono wake baada ya madaktari kumkataza farasi. Saa ya kwenda uwanjani ikafika na wewe huonekani. Akavaa nguo nyekundu mwenyewe, akapanda na moyo wake ule mbovu, akamaliza mizunguko yote, akashuka, akakaa chini kando ya jukwaa na hakuinuka tena. Na ulipoulizwa ulikuwa wapi, ukasema ulikuwa kwa mwanamke. Mbele ya jeneza. Tangu hapo Mama hajataja jina lako. Anakuita "huyo".

Lakini sikukuu ni tarehe saba Juni, na mimi nakuomba uje. Sikuombi uje kwa ajili ya Baba wala kwa ajili ya mji. Njoo Mama akushike uso mara moja kabla hajaondoka. Nimechoka kuwa peke yangu nikiwasikiliza watu wawili wanaonyamaziana.

Dada yako,
Eulina


Ariquemes, Rondônia
20 Machi 1987

Dada Eulina,

Barua yako imefika jana. Barabara ilikatika kilomita hamsini kutoka hapa, magari yamelala matopeni siku kumi na mbili, na mfuko wa posta umekaa humo humo. Karatasi imelowa pembeni lakini nimesoma yote.

Mimi ni mzima. Malaria imeniacha. Bado nanoa misumeno pale kiwandani. Misumeno ya huku ni mirefu kuliko mlango wa kanisa letu, na miti yake ukiiona utaona huruma. Masikio yangu yamepungua kidogo. Nakaa chumba kilekile cha mbao nyuma ya ghala. Jumapili huwa napiga pasi shati, nalivaa, halafu nakumbuka sina pa kwenda, nalivua, nalitundika. Huku kila mtu ametoka mahali pengine na hakuna anayemuuliza mwenzake alitoka kwa nini. Nilidhani hilo litanifaa.

Tunda la pequi huku hakuna. Kama kuna mtu anayekuja upande huu, mpe chupa moja ya zile unazosindika kwenye mafuta. Juzi nilimpikia mwenzangu mmoja wa Paraná wali, nikamweleza kwamba kwetu unapikwa wa manjano na harufu yake inafika barabarani, akaniuliza kama ni dawa.

Habari za macho ya Mama zimeniuma. Nilikuwa nikimfikiria daima ananiona akilini mwake, hata kama ni kwa hasira.

Kuja siwezi, Dada. Juni ndipo mvua inapokatika na magogo yanaletwa kwa wingi, bwana mkubwa hamruhusu mtu. Pengine mwishoni mwa mwaka. Pengine mwaka kesho. Na tafadhali usiniandikie tena habari za vinyago. Niandikie habari za Mama, za vigae, za yule bwana mwenye miwani. Vinyago niachie.

Mama anibariki, hata kimoyomoyo.

Mdogo wako,
Valdivino


Santana das Lajes
14 Aprili 1987, Jumanne ya Wiki Takatifu

Valdivino,

Salamu, na pole ya masikio. Pequi nimempa dereva wa lori la mawe anayekwenda hadi Cuiabá, ana shemeji huko anayefika Ariquemes. Usipoipata jua imeliwa njiani na usiniulize mimi. Mshona viatu anakusalimu. Mtoto wa Osmar amevunjika mkono machimboni lakini utapona. Yule bwana mwenye miwani ameleta kikapu cha matunda. Mama amekula matunda na kumrudishia kikapu.

Barua yako nimemsomea. Huwa namsomea zote, kwa taarifa yako, nikiwa nimekaa kwenye kile kiti cha Baba chenye mguu uliofungwa waya. Yeye hageuki, anajifanya anachambua maharage. Nikimaliza huwa hasemi kitu. Safari hii alisema: "Muulize huyo kama anakula." Basi nakuuliza. Unakula?

Halafu aliondoka akaenda chumbani na nikamsikia akifungua sanduku la Baba. Sikuingia.

Sasa nisikilize vizuri kwa sababu mimi si Mama na wala si kasisi. "Pengine mwishoni mwa mwaka" si jibu la mtu mzima. Nilimuuliza daktari waziwazi kama Mama atafika Noeli, akaanza kutazama kalamu yake. Umeandika ukurasa mzima na nusu, umeniambia urefu wa misumeno, Baba hukumtaja hata kwa herufi moja. Unamwogopa nani? Mama kipofu? Mimi?

Na nina jambo jingine, nimekaa nalo muda mrefu. Huyo mwanamke uliyekuwa kwake alikuwa nani? Mji huu haujafika watu elfu sita, Valdivino. Mimi nawashonea wanawake wake wote, nawapima viuno, wananiambia mambo ambayo kasisi hayasikii. Nimewapitia mmoja mmoja kwa miaka mitano na hakuna hata mmoja anayeweza kuwa yeye. Watalii siku ile walilala shuleni kwenye mikeka, wote chumba kimoja. Sasa ulikuwa kwa nani?

Hutaki kunijibu, usinijibu. Lakini uje. Nafasi ya tatu ya Wekundu wamempa mwana wa mwoka mikate, anakaa juu ya farasi vibaya mno. Haitarudi tena kwetu, hiyo tumeshaizika, na Mama haiulizii. Hakuna mtu hapa anayekudai kitu isipokuwa sura yako.

Eulina


Ariquemes
17 Mei 1987

Dada Eulina,

Nakusalimu, na namsalimu Osmar na kijana wake, na mshona viatu. Pequi imefika, imepungua robo, lakini imefika. Ninakula. Nimepika wali nikafungua dirisha, na yule wa Paraná akahama meza.

Barua hii usimsomee Mama.

Nimeianza mara nyingi. Nimeichana mara nyingi. Siku tatu hizi kiwanda kimesimama kwa kukosa dizeli, kumekuwa kimya, na nimeona nisipoandika sasa sitaandika tena.

Sikuwa kwa mwanamke. Watu ndio walianza kusema hivyo, hata kabla Baba hajaoshwa, na mimi nikaona uongo huo ni mwepesi kuliko kweli, nikaubeba.

Asubuhi ile ya Pentekoste rafiki yangu Lindomar alikuwa amelewa hata hawezi kusimama. Alikuwa na kichwa chake kipya cha ng'ombe, kile ulichokipamba wewe kwa maua ya zambarau, na farasi wake amekwisha kupambwa. Akaniambia, kivae wewe, kisilale bure. Unajua sheria. Mmoja wa wale ishirini na wanne wa uwanjani, awe Buluu au Mwekundu, haruhusiwi kuvaa kinyago siku hizo tatu. Nilijua. Lakini, Dada, tangu Baba aniachie mkuki nilikuwa mwana wa Argemiro tangu nikiamka hadi nikilala. Keti sawa, mwana wa Argemiro. Mkono wako uko chini, mwana wa Argemiro. Ndani ya kile kichwa sikuwa mwana wa mtu. Nilitaka saa moja.

Nilivaa glavu zake na buti zake. Nilibana sauti puani kama wanavyobana wote. Nilizunguka mitaa nikiomba sigara, nikiwatania wasichana, nikimwambia padri ameongezeka uzito. Hakuna aliyenijua. Sijawahi kufurahi hivyo.

Nilikuwa pale kona ya kanisa pamoja na vinyago wengine watatu wanne, watu wametuzunguka, watalii wanacheka. Nikamwona Baba anapanda barabara kwa miguu, kofia mkononi, polepole, anasimama kupumua. Akawapita wenzangu. Akaja kwangu akashika hatamu ya farasi. Akasema: "Kinyago, umemwona mwanangu Valdivino? Saa inakwenda."

Ningeweza kuinama nikamnong'oneza. Ningeweza hata kutikisa kichwa. Lakini watu walikuwa wanangoja kinyago kijibu, Dada, unajua jinsi wanavyongoja, na ningejitaja pale ningefukuzwa uwanjani siku ileile na Baba akaaibika mbele ya wote. Nilijiambia nitageuka nyuma ya kanisa, nitafika nyumbani kabla yake, nitavaa, hatajua. Basi nikabana pua nikasema: "Sijamwona, mzee. Labda ameolewa."

Wakacheka sana. Baba alisema neno moja la kuagana, akaachia hatamu, akashuka.

Daraja lilikuwa limejaa watu, nikachelewa. Nilipofika nyumbani msumari ulikuwa mtupu, nguo nyekundu hazipo. Nikakimbiza farasi hadi uwanjani na kichwa cha ng'ombe bado kichwani. Nilimwona Baba akipiga mbio, mgongo umenyooka, mkono wake haukuwa chini. Nilimwona akishuka. Nilimwona akikaa. Nilikuwa hatua thelathini kutoka kwake, miongoni mwa vinyago vingine, watu wakaanza kukimbia kuelekea pale, na mimi sikuvua kile kichwa. Niliogopa wataona ni mimi. Nilikivua mtoni, peke yangu, baada ya kengele kulia.

Sasa umejua nilikuwa wapi. Nilikuwa pale pale. Baba alimwuliza mwanawe alipo mwanawe, na mwanawe akamchekesha mbele za watu kisha akamwacha akafe. Kwa hiyo sitakuja sikukuu. Mama asinishike uso. Uso wenyewe siku ile haukuonekana ulipotakiwa.

Valdivino


Santana das Lajes
28 Juni 1987

Mdogo wangu,

Nakusalimu. Nina mengi, kwa hiyo nivumilie nianze na yaliyo mepesi.

Sikukuu imepita. Baraza lilishikilia msimamo wake wa namba, na wanaume wakatii kweli: siku ya kwanza vinyago wote walitoka na namba mgongoni, kila mmoja namba saba. Polisi waliandika saba, saba, saba hadi wakaweka kalamu chini. Mji ulicheka siku tatu. Wekundu walishindwa wakabatizwa kama kila mwaka, mwana wa mwoka mikate alidondosha mkuki mara mbili.

Mama alikaa dirishani siku zote tatu. Nilimwekea mto. Kila farasi aliposimama mbele ya nyumba, aliinua uso. Sikumwambia kwamba nilikuandikia uje, lakini barua zote hupita mdomoni mwangu na yeye si mjinga. Siku ya mwisho kinyago kimoja kilikuja dirishani kuomba cha kunywa kwa ile sauti ya puani. Mama akatoa mkono, akaushika mkono wake uliovaa glavu, akaupapasa vidole kimoja kimoja. Akasema, "Siye." Kisha akaniambia nimpe kahawa yule kijana, ametoka mbali. Mimi nilikwenda jikoni nikalia hadi kahawa ikamwagika.

Barua yako ilifika tarehe kumi na sita. Imetumia mwezi mzima. Nina mazoea mabaya, nafungua na kusoma kwa sauti palepale kabla sijaangalia mbele. Nikasoma salamu, nikasoma habari ya pequi, Mama akatabasamu kidogo kwa yule wa Paraná. Halafu nikasoma: "Barua hii usimsomee Mama." Nikaishusha karatasi.

Mama akasema: "Endelea."

"Mama, amekataza."

"Amekukataza wewe kusoma. Mimi hajanikataza kusikia."

Ukimjua utacheka. Nikaendelea. Nilidhani nitaruka mahali, lakini sauti yangu ingenisaliti, na sikujua niruke wapi kwa sababu hata mimi nilikuwa nasikia kwa mara ya kwanza. Nilisoma yote. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya maharage.

Kisha akasema: "Kwa hiyo hakukuwa na mwanamke."

"Hakuna, Mama."

"Na mimi nimemlaani mtoto wa watu miaka mitano."

Sasa nisome vizuri, Valdivino, kwa sababu na mimi nina langu, na sijawahi kumwambia mtu. Hata nilipokuandikia mara ile nikikuuliza habari za mwanamke, nilikuwa ninakuzunguka.

Asubuhi ile nilikwenda kwa kina Lindomar kuchukua pasi yangu. Nikamkuta Lindomar mwenyewe amelala sakafuni jikoni, anakoroma. Na njiani nilikuwa nimetoka kupishana na kichwa chake cha ng'ombe kikiwa juu ya farasi. Maua yale niliyakata kwa mkono wangu, hakukuwa na mengine ya zambarau mwaka ule. Nikajiuliza ni nani basi yumo ndani, na jibu halikuwa gumu, ninyi wawili mlikuwa hamwachani. Nikanyamaza, nikasema muache acheze.

Lakini saa ilipofika sita Baba akaanza kuzunguka nyumba akikutafuta, rangi yake imebadilika. Nikamwambia. Nilimwambia hivi: "Baba, yule ng'ombe mwenye maua ya zambarau si Lindomar. Lindomar kalala kwao. Ni Valdivino."

Hakukasirika. Alichukua kofia akatoka. Baada ya nusu saa akarudi, akanitazama, akasema: "Umekosea, binti yangu. Si yeye." Akaenda kwenye msumari akatoa nguo nyekundu. Nilimsihi. Akasema mtu wa nyumba hii lazima apande.

Miaka mitano nimeamini nilikosea. Nimeamini nilimpandisha Baba kilima kile mchana wa jua kumfuata mtu baki, nikampotezea muda ambao angekupata, na moyo wake ukachoka njiani kwa sababu yangu. Kila ninapokata ua la zambarau mkono unanifa ganzi. Nilikuwa nikikugombeza kwa barua huku mimi mwenyewe nikiwa sijamwambia Mama.

Umeandika alikuja kwako akiwapita wenzako. Nimesoma sentensi hiyo hadi karatasi imechakaa. Hakuwapita kwa bahati, Valdivino. Alikuja moja kwa moja kwa sababu nilimwambia ni wewe, na alijua ni wewe, na alishika hatamu yako akijua. Kisha akarudi akanidanganya, ili mimi, Mama, na mji usijue kamwe. Kinyago hakitajwi jina, na yeye hakukutaja hata ndani ya nyumba yake.

Yote haya nilimwambia Mama pale pale. Nilitegemea atanipiga. Alinyoosha mkono akatafuta kichwa changu, akaniwekea mkono juu yake.

Asubuhi yake, tukiwa tunakunywa kahawa, ghafla akauliza: "Ameandika baba yake alisema neno moja la kuagana. Neno gani?"

Nikamwambia hukuandika.

Akasema: "Muulize Valdivino."

Amelitaja jina lako. Nimeandika sentensi hiyo mara mbili nikaifuta moja. Basi ninakuuliza, kwa ajili yake na kwa ajili yangu. Neno gani? Jibu upesi. Hatoki kitandani tena isipokuwa nikimshika.

Eulina


Ariquemes
25 Julai 1987

Dada yangu,

Nakusalimu, na namsalimu Mama. Safari hii msomee, kuanzia hapa mwanzo.

Barua yako imenikuta kazini. Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi juu ya gogo, na mashine zilikuwa zinalia sikuzisikia. Msimamizi alikuja akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo, miaka mitano iliyopita. Akanitazama akaenda zake.

Usikate tena maua kwa mkono wenye ganzi. Ulimwambia Baba kweli. Aliyesema uongo siku ile ni mimi, na baada yangu yeye, na wake aliusema kwa ajili yangu.

Neno lenyewe sikuliandika kwa sababu niliona halina maana. Nilidhani ni jambo ambalo mzee humwambia kijana yeyote aliyevaa kinyago ili aondoke na heshima yake baada ya kuchekwa. Kelele zilikuwa nyingi, lakini nililisikia vizuri kwa kuwa alikaribia sana, bega lake lilikuwa kwenye goti langu. Alimpapasa farasi shingoni. Mkanda wa kikuku ninachokanyagia mguu wa kulia ulikuwa umelegea, akaukaza, kama alivyokuwa akiukaza nilipokuwa mdogo. Nilidhani ni mazoea ya mikono yake tu. Kisha akatazama juu kwenye matundu ya macho na akasema, kwa sauti ya chini:

"Ukimwona, mwambie asiwe na wasiwasi. Cheza, mwanangu. Leo nitapanda mimi."

Alisema "mwanangu". Wazee wetu wote wanawaita vijana wote hivyo, na mimi miaka yote hii nimelisikia hivyo. Nimekuwa nikiamka nalo, nikilala nalo, sikujua ni langu.

Mwambie Mama alikuwa anatabasamu. Kwa kweli alikuwa anatabasamu, Dada, siandiki ili kumfurahisha. Nadhani alitaka kupanda mara moja zaidi na mimi nikampa sababu. Hilo halinisafishi. Yeye alinisamehe kabla sijamaliza kukosa, na mimi nikakaa mbali na mama yangu miaka mitano kwa kuogopa kusema jambo ambalo marehemu alikuwa analijua. Mama amekaa dirishani akipapasa mikono ya watoto wa wengine. Hiyo ndiyo dhambi ninayoijua sasa, na hiyo hakuna aliyeibeba kwa niaba yangu.

Nimeacha kazi leo asubuhi. Bwana mkubwa amesema nitajuta, ni msimu wa magogo. Misumeno nimeiacha imenolewa yote. Natoka Jumatatu na basi la kwanza, siku tatu hadi Goiânia kama barabara inaruhusu, na nusu siku hadi kwenu. Sijui kama nitaitangulia barua hii. Kama itatangulia, usimtoe Mama kitandani na usimweke dirishani.

Nitabisha hodi, na kabla hajauliza ni nani nitamtajia jina langu.

Valdivino